Kofia ya Kaunta, Kofia ya Stoo: Nani Aruhusiwe Nini Kwenye Kanzidata

Simu ya mzee ilinikuta ndani ya mwendokasi, nimesimama nimebanwa mlangoni. Duka lake la jumla liko Kariakoo, na siku hiyo katoni ya sabuni ya unga ya shilingi 72,000 ilikuwa imeuzwa kutwa nzima kwa shilingi 27,000. Katoni 40 zilishatoka. Keshia hana kosa; aliuza kwa bei iliyokuwa kwenye skrini.

"Fundi, mimi nataka jina tu," akasema. "Nani kabadilisha?"

Nilipofika nikafungua kumbukumbu za seva. Bahati nzuri zilikuwa zimewashwa, na zilisema kweli tupu: bei ilibadilishwa saa 2:14 asubuhi, na aliyeibadilisha ni postgres. Sasa, postgres si mtu. Ni akaunti kuu inayozaliwa pamoja na PostgreSQL, mfumo wa kanzidata (database) unaotunza data za duka, na ina uwezo wa kufanya lolote bila kuulizwa. Programu ya duka lile ni ya mtindo wa zamani, ile inayokutaka jina na nywila ya kanzidata yenyewe, na wafanyakazi wote watano walikuwa wakiingia kwa jina hilo hilo: keshia wawili, mtunza stoo, mhasibu, na kijana wa oda za mikoani. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa maka pen kwenye kipande cha boksi, kimebandikwa kwa selotepu chini ya meza ya kaunta. Ukiinama kuchukua mfuko unaisoma.

Hatukumpata mtu. Pengine hata mwizi hakuwapo, maana 72 na 27 ni tarakimu zile zile zimepishana, na asubuhi ya Kariakoo kila mtu ana haraka. Lakini kati ya kosa la kidole na wizi wa makusudi hatukuwa na njia ya kutofautisha, na wale watano wakabaki wanatazamana kwa wiki mbili.

Mzee alitaka tubadilishe nywila yaishe. Nywila mpya ingekuwa kwenye kipande kingine cha boksi kabla ya Ijumaa. Kilichokosekana pale ni mgawanyo: nani anafanya kazi gani, na kazi hiyo inahitaji kugusa nini.

Ruhusa ni ya kazi, mtu anaazimwa

Amri za kutoa na kunyang'anya ruhusa zina umri mkubwa kuliko mafundi wengi wanaozitumia. Mwaka 1976 watafiti wawili wa IBM, Patricia Griffiths na Bradford Wade, walieleza jinsi mfumo wa majaribio ulioitwa System R ulivyoweza kumpa mtu ruhusa juu ya jedwali na kuirudisha baadaye. GRANT kutoa, REVOKE kunyang'anya. Mpaka leo ndizo hizo hizo.

Ugumu ni hesabu. Chukua duka la mzee: watu 5, majedwali 12, na kwa kila jedwali kuna kusoma (SELECT), kuongeza (INSERT), kurekebisha (UPDATE) na kufuta (DELETE). Hayo ni maamuzi 240, na ni duka moja tu. Keshia akiacha kazi, unaanza upya kumpangia anayemrithi, na hapo ndipo fundi mchovu anapoamua kumpa kila mtu kila kitu. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walipendekeza kwa utaratibu kitu ambacho maofisi yalikuwa yakikifanya kienyeji: ruhusa zifungwe kwenye jukumu, kisha mtu apewe jukumu. Kiwango cha SQL, lugha ya kuziamuru kanzidata, cha mwaka 1999 kikaingiza majukumu rasmi. PostgreSQL, toleo la 8.1 la mwaka 2005, ikaenda mbali zaidi ikafuta tofauti kati ya mtumiaji na kundi. Vyote vikawa kitu kimoja, na tofauti iliyobaki ni kama kinaruhusiwa kuingia au la. MySQL, kanzidata nyingine maarufu, ilichelewa, majukumu yalifika na toleo la 8.0 mwaka 2018.

Mimi ninapofundisha huliita jukumu kofia. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapo. Mjadala wa mtu mmoja kuvaa kofia mbili tumeusikia tangu utotoni. Kofia ipo hata kama hakuna aliyeivaa. Ukiivaa unapata uwezo wake, ukiivua unabaki wewe na jina lako. Waliosoma ahadi za mwanachama wa TANU watakumbuka ile isemayo "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Hayo maneno "wala cha mtu mwingine" ndiyo kile kipande cha boksi chini ya meza.

Kwa duka la mzee, kofia ya kaunta ilishonwa hivi:

CREATE ROLE kaunta NOLOGIN;
GRANT SELECT ON bidhaa TO kaunta;
GRANT SELECT, INSERT ON mauzo TO kaunta;
CREATE ROLE asha LOGIN;
GRANT kaunta TO asha;

Tuseme keshia anaitwa Asha. Kaunta haiwezi kuingia peke yake, ni kofia tu. Asha anaweza kuingia, ila yeye mwenyewe hana kitu. Anachoweza kinatoka kwenye kofia. Anasoma bidhaa na bei, anaandika mauzo. Tazama kisichokuwemo: hakuna UPDATE ya bidhaa, kwa hiyo bei haigusi. Hakuna DELETE ya mauzo pia. Keshia mmoja alilalamika, "Kaka, nikikosea itakuwaje?" Itakuwa kama kwenye mashine ya EFD: risiti iliyotoka haifutwi, unaandika mstari mwingine wa kurudisha, na yote miwili inabaki. Kazi ya kubadilisha bei tukaipa kofia ya pekee inayovaliwa na mhasibu, na hata hiyo inabadilisha safu (column) moja tu, ile ya bei:

GRANT SELECT, UPDATE (bei) ON bidhaa TO mpanga_bei;

Wanaotumia MySQL waangalie jambo moja linalochosha watu. Kule, kumpa mtu jukumu hakulivishi. Anaingia, anaambiwa hana ruhusa, fundi anaangalia orodha na kuona ruhusa ipo. Lazima useme SET DEFAULT ROLE kwa ajili yake, au uwashe mpangilio wa kuvisha majukumu yote mtu anapoingia. Kofia iko mkononi, kichwani haijafika.

Lango, ngazi, komeo

Ukimpa mtu ruhusa ya jedwali na bado anakataliwa, fikiria ghorofa za Mtaa wa Congo. Kuna lango la jengo, kuna ngazi ya kukufikisha ghorofa ya nne, halafu kuna komeo la stoo yenyewe. Ufunguo wa komeo haukusaidii kama umezuiwa langoni. Kwenye PostgreSQL lango ni ruhusa ya CONNECT juu ya kanzidata, ngazi ni USAGE juu ya skima (fungu linalobeba majedwali), na komeo ni SELECT na wenzake juu ya jedwali. Anayesahau kitu mara nyingi husahau ngazi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hauonyeshi kosa lolote: lango huja likiwa wazi. Kuna kundi lisiloonekana linaloitwa PUBLIC, maana yake kila mwenye akaunti, wa leo na wa kesho, na hilo hupewa CONNECT kwa kila kanzidata mpya bila wewe kusema. Hadi toleo la 14, kundi hilo lilikuwa pia na haki ya kuunda majedwali ndani ya skima ya kawaida. Toleo la 15 la mwaka 2022 liliiondoa haki hiyo, lakini kanzidata iliyozaliwa zamani na kupandishwa toleo huja na mazoea yake ya zamani. Ya mzee ilikuwa hivyo. Amri yangu ya kwanza usiku ule ilikuwa ya kulinyang'anya kundi hilo kila kitu.

Kunyang'anya kusikonyang'anya

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi nilipokuwa naanza kazi, basi nitakaa kidogo.

Ruhusa kwenye PostgreSQL hujumlishwa tu. Mtu ana alichopewa kwa jina lake, pamoja na cha kila kofia aliyovaa, pamoja na cha PUBLIC. Hakuna amri ya kusema "yeyote yule, isipokuwa Asha". Sasa tuseme unataka Asha asisome jedwali la mauzo. Unaandika REVOKE SELECT ON mauzo FROM asha. Kanzidata inakujibu kwa utulivu kabisa kwamba imefanya. Asha anaendelea kusoma mauzo. Ulimnyang'anya kwa jina lake kitu ambacho kwa jina lake hakuwa nacho. Anakipata kwa kofia ya kaunta. Na kanzidata haikuonyi, kwa sababu kwa upande wake hakuna kosa: umesema hii ruhusa isiwe hapa, na kweli haipo hapa. SQL Server ya Microsoft ina amri ya tatu, DENY, inayoshinda ruhusa ya kawaida. Ukitoka kule ukaja huku na mazoea hayo, utajidanganya.

Mtego huo huo una mtoto wake kwenye safu. Jedwali la wateja wa mkopo wa mzee lina jina, simu, deni, na namba ya NIDA. Fundi aliyenitangulia alitoa SELECT ya jedwali zima kwa kila mtu, halafu akajaribu kuinyang'anya safu ya NIDA peke yake. Alipata jibu la utulivu lile lile, na namba zikaendelea kusomeka. Ruhusa ya jedwali zima haitobolewi tundu. Unaiondoa yote, kisha unazitaja safu unazozikubali:

REVOKE SELECT ON wateja FROM PUBLIC, kaunta;
GRANT SELECT (jina, simu, deni) ON wateja TO kaunta;

Ukifanya hivyo jiandae kwa simu, maana programu yoyote inayoomba "safu zote" kwa alama ya nyota itakataliwa, hata kama haina haja na NIDA. Usiirudishe ruhusa kwa hasira. Rekebisha programu itaje inachokitaka.

Mzee aliniuliza kama usumbufu huo una faida. Namba ya NIDA na simu ya mteja ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Sheria haijataja amri ya GRANT, lakini inakutaka uzilinde hizo taarifa dhidi ya asiyehusika, na keshia anayeuza sabuni hahusiki na namba ya kitambulisho cha mdaiwa.

Mwenye nyumba na mpangaji

Aliyeunda jedwali ndiye mmiliki wake, na mmiliki ni kama mwenye nyumba wa Sinza: mpangaji ana mkataba, yeye ana hati. Kubomoa jedwali, au kubadilisha umbo lake, si ruhusa unayoweza kumgawia mtu kwa GRANT. Ni haki ya mmiliki, ya aliye ndani ya kofia ya mmiliki, au ya akaunti kuu; kubomoa, hata mmiliki wa skima anaweza. Na mmiliki akijinyima ruhusa leo, kesho anajirudishia mwenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza programu isiingie kwenye kanzidata kwa jina la mmiliki. Mifumo mingi niliyoiona mjini hapa inaingia hivyo, kwa sababu siku ya kwanza kila kitu kinafanya kazi na hakuna anayepiga simu. Siku mtu atakapopenyeza amri yake kupitia kisanduku cha kutafuta bidhaa, amri hiyo itakuwa na hati ya nyumba mkononi. Tulitengeneza kofia iitwayo mjenzi, isiyoweza kuingia, ikamiliki majedwali yote. Programu ikawa mpangaji.

Mpangilio huo huzaa swali lake baada ya miezi michache. Nilikuwa nimetoa GRANT SELECT ON ALL TABLES kwa kofia ya ripoti, na ripoti zikaenda vizuri. Likaongezwa jedwali jipya la marejesho, ripoti ikagoma. Neno "yote" kwenye amri ile lina maana ya yaliyopo saa ile, halihesabu ya kesho. Kwa yatakayozaliwa kuna ALTER DEFAULT PRIVILEGES, na yenyewe ina sharti linalosahaulika: inahusu majedwali yatakayoundwa na kofia uliyoitaja tu. Ukiitaja mjenzi, halafu wewe ukaunda jedwali kwa akaunti kuu kwa sababu una haraka, umerudi pale pale.

Matawi

Mzee ana tawi Mbagala na jingine Tegeta, na hakutaka msimamizi wa Mbagala aone mauzo ya Tegeta. Jedwali ni moja, safu ni zile zile, tofauti iko kwenye mistari. PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina sera za mistari: unawasha ulinzi kwenye jedwali, kisha unaandika sharti, kwa mfano kwamba safu ya tawi ilingane na tawi la aliyeingia. Ukiwasha bila kuandika sera yoyote, watu wa kawaida hawaoni mstari hata mmoja, na watakupigia wakilia kwamba data imefutika. Haijafutika.

Mmiliki na akaunti kuu hawaguswi na sera hizi. Mmiliki unaweza kumlazimisha azifuate kwa FORCE, akaunti kuu haiwezekani. Maana yake ukijaribu sera zako ukiwa umeingia kama postgres utaona kila kitu na kudhani hazifanyi kazi, au mbaya zaidi, utajaribu kwa akaunti hiyo na kudhani kila mtu anaona unachoona wewe. Jaribu kwa jina la msimamizi wa Mbagala. Kuhusu bakapu, chombo cha pg_dump kikiona kwamba sera ingekificha mistari hukataa kabisa, hakikupi nakala nusu. Kwangu hiyo ni tabia njema. Bakapu nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Kuna na WITH GRANT OPTION, ruhusa ya kutoa ruhusa. Ni sawa na kumpa mtu ufunguo na kibali cha kwenda kuchongesha mwingine. Ukija kumnyang'anya akiwa ameshawapa wengine, PostgreSQL inakataa mpaka useme CASCADE, ndipo waliopata kupitia kwake nao wanapoteza. Kwa duka sijawahi kuona haja yake.

Anayeingia kwa mlango wa programu

Msomaji mwenye mfumo wa kisasa wa wavuti atasema haya hayamhusu: watumiaji wake 3,000 hawamo kwenye kanzidata, wamo kwenye jedwali la watumiaji, na programu inaingia kwa akaunti moja. Ni kweli, na ndivyo inavyofanyika sehemu nyingi. Hapo kofia za keshia na msimamizi zinasimamiwa na msimbo wa programu, na kumbukumbu ya nani kafanya nini lazima iandikwe na programu, kwa sababu kanzidata inaona jina moja tu, kama lile la postgres la mzee. Hata hivyo hesabu wanaoingia bila kupitia programu. Mhasibu anayevuta takwimu kwenye Excel. Kijana wa ripoti. Mashine ya bakapu. Fundi wa nje aliyepewa nywila mwaka juzi "kwa siku moja". Hao wote wanakutana na kanzidata uso kwa uso, na msimbo wako hauwaoni. Akaunti ya programu yenyewe nayo iwe mpangaji, kama nilivyosema.

Siku ya kuondoka

Yule kijana wa oda, tumwite Juma, aliacha kazi miezi minne baadaye, akaenda kufungua duka lake. Kama angekuwa bado anatumia postgres tungelazimika kubadilisha nywila ya watu wote. Safari hii nilimzuia yeye peke yake:

ALTER ROLE juma NOLOGIN;

Amri hiyo inazuia kuingia upya. Kama tayari yuko ndani, muunganisho wake unaendelea mpaka ukatwe, na nilimkuta kweli ameunganishwa, kompyuta ya ofisini ilikuwa haijazimwa. Kumfuta kabisa kulikataliwa, kwa sababu kulikuwa na majedwali mawili ya majaribio aliyoyaunda kwa jina lake. Utaratibu ni kuhamisha umiliki kwanza kwa REASSIGN OWNED kwenda kwa mjenzi, kufuta mabaki ya ruhusa zake kwa DROP OWNED, kisha DROP ROLE. Hizo mbili za mwanzo zirudiwe ndani ya kila kanzidata ya seva, maana akaunti ni ya seva nzima ila mali zake zimetawanyika. Na usiandike DROP OWNED kabla ya REASSIGN OWNED. Inafuta majedwali yenyewe.

Kofia ya mwisho kuishona ilikuwa ya mzee.

"Mimi ndiye mwenye duka, halafu unaninyima?" aliniuliza, nusu akitania.

"Hapana mzee. Utaona kila kitu kuliko wote. Kubadilisha ndio hutaweza."

Nilimpa pg_read_all_data, jukumu lililokuja tayari na PostgreSQL tangu toleo la 14, linalosoma kila jedwali na kila skima bila kugusa, pamoja na sifa ya BYPASSRLS, maana jukumu hilo peke yake halizivuki sera za mistari. Nywila ya postgres tuliiandika kwenye karatasi, tukaitia kwenye bahasha, akaisaini kwenye gundi mwenyewe na kuifungia kwenye sefu na hati za duka. Imefunguliwa mara moja mpaka sasa, usiku wa kupandisha toleo, na alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.